Kabla ya Ufunguo, Daftari

Wasomaji wa Unguja, Pemba na Mafia wana haki ya kujiuliza ni neno gani la hoteli awezalo kusema mtu wa Madibira. Sisi huku tumezungukwa na majaruba ya mpunga, na bahari tunaisikia redioni tu. Mtalii akionekana kwetu, aghalabu amepotea njia ya kwendea Hifadhi ya Ruaha. Ninyi mnatujua kwa gunia la mchele uitwao wa Mbeya, nasi tunawajua kwa wafanyabiashara wanaokuja wakati wa mavuno, wakalala siku tatu au nne katika nyumba zetu za wageni, kisha wakarejea Dar es Salaam na mzigo wao kungojea jahazi au meli.

Ni hizo nyumba za wageni zilizonisukuma kushika kalamu.

Miaka michache iliyopita niliitwa kuwa shahidi katika shauri la gesti moja. Mama mmoja mjane alikuwa ameikodisha nyumba yake ya vyumba 11 kwa kijana mmoja kwa muda wa miaka mitatu. Mkataba wao ulikuwa wa ukurasa mmoja, umeandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa kijiji. Juu ya mali ulisema hivi: vitanda 11, magodoro 11, meza 11, mapazia jozi 11, tangi la maji moja. Muda ulipokwisha, kijana alikabidhi vitanda 11, magodoro 11, meza 11, mapazia jozi 11 na tangi moja. Hesabu ilitimia bila kasoro. Lakini vitanda alivyoviacha mama vilikuwa vya mninga, kazi ya mikono ya marehemu mumewe, na vitanda alivyorudishiwa vilikuwa vya mbao laini, vinavyolia kila mgeni anapojigeuza. Magodoro yalikuwa 11 kweli, na manne kati yake usingethubutu kumlaza mbuzi.

Kijana naye alikuwa na lake. Mama alimdai gharama ya ukuta wa nyuma, uliopasuka kutoka dirishani hadi kwenye msingi. Kijana akaapa kwamba ufa huo aliukuta siku ya kwanza, akauona, akanyamaza kwa kuwa hakutaka kuonekana mtu wa maneno mengi mbele ya mtu mzima. Tukaenda mbele ya Baraza la Kata, ambalo siku hizi katika mashauri ya ardhi na nyumba lina kazi ya kusuluhisha tu. Wazee wakaisoma karatasi, wakaipitisha mkono kwa mkono, kisha wakatazamana. Kila kilichoandikwa humo kilikuwa kweli, na hakikumsaidia mtu yeyote.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi siku ile tulikuwa na daftari, na mali ilipotea vilevile. Ndipo nilipotambua kwamba kuna madaftari ya namna mbili. Kuna orodha ya mali, ambayo husema vitu ni vingapi. Na kuna orodha ya hali ya mali, ambayo husema kila kitu kilikuwaje siku ufunguo ulipotoka mkono huu kuingia mkono ule. Ya kwanza yaweza kuandikwa na karani aliyeketi ofisini. Ya pili haiandikwi ila kwa kutembea chumba kwa chumba, kupanda darini na kuinama chini ya sinki.

Sasa niwaulize ndugu zangu wa Visiwani, pamoja na maofisa wa Serikali zetu zote mbili: katika mikataba ya hoteli iliyotiwa saini kwenu na kwetu tangu milango ya uwekezaji ilipofunguliwa, ni mingapi iliyofungwa pamoja na orodha hiyo ya pili?

Swali hili si la ukorofi. Serikali ndiyo iliyokuwa mjenzi mkuu wa hoteli katika nchi hii. Katika miaka ya 1970 zilijengwa nyumba za wageni Lobo, Seronera, Ngorongoro na Mikumi, na kule Mafia ikasimama hoteli ya Shirika la Utalii. Unguja ikafungua Bwawani mwaka 1974. Pemba ikapata hoteli tatu, Chake Chake, Wete na Mkoani, zilizofanana kama watoto wa tumbo moja. Kisha upepo ukabadilika. Kuanzia miaka ya 1990 mashirika yalivunjwa, na hoteli nyingi za umma ama ziliuzwa ama zilikodishwa. Hata majengo ambayo hayakujengwa kwa kazi ya kulaza wageni yaliingia katika mkondo huo. Jengo la zamani la simu za ng'ambo kule Shangani lilikarabatiwa likawa hoteli mwaka 1997. Iliyokuwa klabu ya Waingereza, Africa House, nayo ikawa hoteli. Na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza kuvikodisha kwa wawekezaji visiwa vidogo vizima.

Sina neno na ukodishaji wenyewe. Jengo lililofungwa huliwa na mchwa na popo, na afadhali mpangaji mwenye fedha kuliko mlinzi asiye na tochi. Neno langu ni juu ya ile siku moja ya makabidhiano, ambayo kwa desturi yetu hutumika kwa hotuba, chakula na picha ya watu wawili wakishikana mikono. Mikataba hii ni ya miaka 33, mingine 49, mingine hadi 99. Ofisa anayetia saini leo atakuwa amestaafu, na mara nyingi atakuwa kaburini, siku mali itakaporudi. Yule atakayeipokea labda hajazaliwa. Atajuaje kama nguzo ilikuwa imeinama tangu mwanzo?

Sheria haikulisahau jambo hili. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 humtaka mpangaji, muda wake ukiisha, arudishe ardhi na majengo katika hali ileile aliyoyapokea, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida, na kwa moto, mafuriko na maafa mengine yasiyotokana na uzembe wake. Visiwani ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 1992. Lakini popote pale maneno haya ya "hali ileile" hubaki hewani ikiwa hali yenyewe haikuandikwa. Wafaransa waliliona hilo mapema. Sheria yao ya madai ya mwaka 1804 inasema kwamba kama orodha ya hali ya nyumba haikufanywa, mpangaji huhesabiwa kuwa aliipokea nyumba ikiwa njema, na hivyo hivyo aidaiwe, mpaka athibitishe kinyume. Yaani kwao anayeumia kwa kukosa daftari ni mpangaji kwanza. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba orodha ni mtego wa mwenye mali. Kijana wa Madibira angekuwa nayo, ule ufa usingemgharimu hata senti.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini tumekwisha kulipa ada ya shule hii. Shamba la mpunga la Kapunga, lililokuwa la Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, liliuzwa mwaka 2006. Shamba lilikuwa la hekta 5,500. Karatasi zilizoandikwa zikasema 7,370. Zile hekta 1,870 za ziada hazikuwa shamba, zilikuwa ardhi ya kijiji, yenye watu wake. Ilichukua takriban miaka kumi ya safari za maofisini, kesi na machozi kabla Serikali haijazirudisha kwa wanakijiji. Hoteli si shamba, najua. Lakini kosa ni lilelile: karatasi ilisafiri bila mtu kutembea kwenye mipaka pamoja na wale wanaoijua.

Na wazee watakumbuka la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilipovunjika mwaka 1977, iliacha injini, meli, ndege na majengo, pamoja na hoteli za reli zilizokuwako hata mahali ambapo reli yenyewe haikuwa imefika. Mbeya ilikuwa na hoteli ya reli kabla ya TAZARA. Kuhesabu na kuthamini mali hiyo ili wenye Jumuiya wagawane kulihitaji msuluhishi, Dakta Victor Umbricht wa Uswisi, na mapatano hayakutiwa saini hadi Mei 14, 1984, kule Arusha. Miaka saba nchi tatu zilikaa zikibishana juu ya kilichokuwako na thamani yake.

Basi orodha njema iweje? Nianze na jinsi isivyopaswa kuwa. Nimeona orodha zenye safu tatu zimechapwa tayari: "nzuri", "wastani", "mbovu", na mkaguzi anapiga vyema kama anayejaza fomu ya sensa. Maneno hayo matatu ni bure. Mlango mbovu ni mbovu vipi? Andika hivi: chumba namba 4, mlango wa mvule, bawaba ya chini imelegea, kitasa kinafanya kazi, funguo mbili, mkwaruzo wa urefu wa kiganja karibu na komeo. Hapo mtu asiyewahi kuuona mlango huo, miaka 30 baadaye, ataujua. Ufa upimwe kwa rula, urefu na upana, upigwe picha rula ikiwa kando yake, tarehe iandikwe nyuma ya picha na pande zote mbili zitie saini. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera mfukoni, na hakuna kisingizio. Ila picha peke yake haitoshi, maana picha haisikii bomba linalovuja ndani ya ukuta, wala hainusi shimo la maji taka.

Jenereta iandikwe imekwisha fanya kazi saa ngapi, maana mashine ina umri wake kama punda. Mita ya umeme na ya maji zisomwe siku hiyohiyo. Kisima kionjwe! Ndugu zangu wa Visiwani mnalijua hili kuliko mimi: kisima kitamu kikivutwa kupita kiasi huingia chumvi, na mpangaji atakayekikuta cha maji matamu akakiacha cha maji ya chumvi ameondoka na mali kubwa kuliko vitanda vyote. Minazi ya uwanjani ihesabiwe. Pwani ipimwe, kutoka ukuta wa mwisho hadi alama ya maji kujaa, ili bahari ikila ufuko ijulikane imekula kiasi gani na tangu lini.

Nyumba za Mji Mkongwe zina mambo yao, na mhandisi aliyezoea matofali ya saruji huenda asiyaone. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua. Mpangaji akiupaka saruji ili ung'are upesi, unyevu hufungiwa ndani, chokaa huoza taratibu na vichwa vya boriti hulainika mahali pasipoonekana. Kwa macho nyumba imekuwa mpya, kumbe imeanza kufa. Kwa hiyo orodha isitaje tu kwamba ukuta upo na hauna ufa. Iseme umepakwa nini. Milango ya nakshi ipigwe picha kila kipande, pamoja na misumari yake ya shaba. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Ile haikuwa hoteli wala haikuwa imekodishwa, nami siilinganishi. Naitaja kwa kuwa jumba lililosimama tangu mwaka 1883 lilitukumbusha sote kwamba jengo la kale hubadilika hali kila mwaka, na asiyeandika mabadiliko hayo hushtukizwa.

Kuhesabu bila kurudia kuhesabu nako si kazi iliyokwisha. Mnawajua kobe wakubwa wa Changuu, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kwa hesabu zilizoandikwa, mwaka 1988 walikuwa kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walibaki saba. Kobe hakimbii. Walichukuliwa. Wakaletwa wadogo 80 kuongeza idadi, na nusu yao wakatoweka nao. Ni baada ya kujengewa boma na kulindwa ndipo idadi ilipopanda. Ikiwa mnyama wa uzito wa magunia mawili aweza kutoweka kisiwani, sembuse mashine ya kufulia? Orodha ya siku ya kwanza iwe na dada zake: ukaguzi wa kila mwaka, mfupi, wa kulinganisha.

Nani atembee? Hapa ndipo ninapotofautiana na mabwana wengi wa wizara. Tume za makabidhiano hujaa wahasibu na wanasheria, nao wanahitajika. Lakini anayejua hoteli ni mama anayetandika vitanda na fundi anayeamshwa usiku maji yakikatika. Yule mama anajua chumba ambacho kiyoyozi chake hudondosha maji, na kufuli ambayo haifunguki mpaka uinue mlango kwa goti. Awe mmoja wa watembeaji, na jina lake liandikwe. Sheha wa shehia, au kwa huku kwetu ofisa mtendaji wa kijiji, ashuhudie, na nakala moja ibaki ofisini kwake. Nakala nyingine iende kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa kuwa Bara na Zanzibar kila upande unaye wake. Nakala iliyofungiwa katika sefu ya wizara moja ina desturi ya kutoonekana siku inapohitajika.

Nimekwisha kuambiwa kwamba haya yatawachelewesha wawekezaji, na kwamba mtaji ni kama ndege, ukipiga kelele huruka. Sikubali. Hoteli ya vyumba 60 hukaguliwa na watu wanne kwa siku tano au sita. Kampuni kubwa za hoteli za kimataifa hazichukui jengo bila ukaguzi wao wenyewe. Huja na wahandisi wao, wakaandika kila kitu, wakaondoka na daftari lao. Ikifika siku ya ubishi, wao watakuwa na daftari na sisi tutakuwa na picha ya kushikana mikono. Anayeogopa kutembea chumba kwa chumba pamoja na mwenye mali, huyo ndiye wa kuulizwa maswali zaidi.

Liko jambo moja lililonigusa mwenyewe, nalo silisikii likizungumzwa. Huku Madibira mikataba ya gesti hufungwa mwezi wa Juni au Julai, baada ya mavuno, watu wakiwa na fedha. Wakati huo hapanyeshi hata tone. Paa lote ni zima! Mvua huanza Novemba au Desemba, na hapo ndipo mpangaji hugundua kwamba chumba namba 7 ni josho. Akidai, huambiwa: mbona ulitia saini kwamba paa ni zima? Visiwani nadhani mambo hayapishani sana kwa wanaofunga mikataba Januari au Februari kabla ya masika. Saini ya kiangazi haiwezi kuthibitisha paa. Kwa hiyo nashauri orodha iwe na sehemu zilizoachwa wazi makusudi, za kujazwa baada ya mvua kubwa ya kwanza, pande zote mbili zikiwapo. Na mpangaji apewe siku 14, au hata 30 kwa hoteli kubwa, za kuongeza kasoro ambazo hazionekani mpaka uikae nyumba.

Na mwenye mali asiotee ndoto za kurudishiwa godoro jipya kwa godoro alilolitoa likiwa na miaka sita. Uchakavu wa kawaida ni haki ya mpangaji, ndiyo sehemu ya kodi anayolipa. Zulia litachakaa mlangoni, rangi itafifia upande wa jua. Orodha ikitaja umri wa kila kitu siku ya kwanza, ubishi wa aina hii hufa wenyewe, na mambo ya fidia hubaki kwa yale yaliyovunjwa, yaliyobadilishwa na yaliyobebwa.

Yule mama mjane amekwisha kupata mpangaji mwingine. Mwezi Julai walitembea pamoja, yeye, mpangaji, fundi mwashi na mtendaji wa kijiji, na daftari la shule la kurasa 96. Walianza saa mbili asubuhi wakamaliza jua likizama, nami nilibeba rula. Vitanda viliandikwa mbao zake, magodoro yakaandikwa mwaka wake, na ule ufa wa ukuta wa nyuma ukapimwa: meta moja na sentimeta 40. Kila ukurasa una saini nne, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Huo umeandikwa juu yake "Paa", na chini yake hapana kitu bado. Tunangojea mvua.